Telefone ya Gustave

Milio mitatu mifupi. Kisha kimya.

Katsuva akafungua dirisha la chumba cha nyuma, mtaa wa Saio, Bunia. Mezani palikuwa na telefone ya marehemu mkewe, Honorine. Ilikuwa imelia hivyo ikikataa tena kadi ya kampuni nyingine. Iliikataa vilevile siku ile kwenye njia ya Mambasa, Honorine akivuja damu. Antena ya kampuni iliyowauzia telefone ilikuwa imekufa. Ya wengine ilisimama kilimani, nzima. Gari la hospitali halikuitwa.

11:20

Gustave, motari aliyembeba kwa pikipiki yake miaka sita, aliuliza kwa nini hakwenda tribinali, mahakamani. Katsuva alikwisha kumwona avoka, wakili. Avoka aligeuza katoni ya telefone pande zote, hakuona neno moja la kumwambia mnunuzi kwamba telefone imefungwa kwa kampuni moja. Kama sheria inaruhusu? Labda hapana, alisema, lakini kesi itakula miaka.

"Miaka sina," Katsuva akasema. "Niko na leo."

Direkta Xavier wa kampuni hiyo huenda kula saa sita na nusu. Kwenye droo ya ofisi yake kuna flashi ya kompyuta yenye kodi, namba za siri za kufungua kila telefone waliyouza Ituri. Kodi zitakwenda kwa mafundi wa soko, bure.

"Nani atakufungulia mulango?" Gustave akauliza.

"Mutu."

"Mutu iko na jina."

"Jina ya kwako itakutosha, ndugu."

Gustave alicheka. Akaonyesha telefone yake yenye ufa, akaapa nayo imefungwa kama mbuzi. Ifunguliwe ya kwanza.

12:30

Fanny, mdogo wa Honorine, alikuwa akipiga deki koridoni mwa ofisi za kampuni. Hawakusalimiana. Mlango wa Xavier alikuwa ameuacha bila kuufunga. Droo. Flashi. Katsuva akaifunga ndani ya sashe, mfuko wa plastiki.

12:36

Nje, Gustave juu ya pikipiki, injini ikiunguruma. Telefone yake ikalia. Aliitoa haraka kuizima, lakini Katsuva aliona kioo: jina la kampuni nyingine. Ufa uleule. Na Bunia nzima, kodi zilikuwa kwa Xavier peke yake: ni yeye aliyemfungulia.

Akarudi ndani kama aliyesahau kofia. Sashe ikazama ndani ya ndoo ya Fanny.

"Sokoni," akanong'ona.

Kisha akapanda pikipiki. Polisi wakimfuata yeye, hawatamgusa Fanny.

12:41

Gustave alifunga breki kabla polisi hawajainua mkono. Walimvua Katsuva hadi viatu. Hakuna kitu. Wakampiga hadi damu ikajaa mdomoni.

15:00

Gustave aliletwa kituo cha polisi kutia sahihi ushahidi wake. Barabarani watu walikuwa wakipiga kelele za furaha, telefone juu: imekubali, imekubali.

Katsuva akatema damu.

"Unawasikia? Wote wameipata bure. Weye tu ulilipa, na ulilipa na mimi."

Gustave akatia sahihi.

"Ya Honorine sitaifungua. Nitatoka humu, Gustave. Na siku ile utasikia milio yake tatu ya kukataa kwa mulango yako, kabla ya kuniona."