Baba, Fumba Macho

Korido ya kliniki ilijaa hadi mlangoni. Baba mmoja, shati la njano limepigwa pasi upande mmoja tu, akajipenyeza na binti yake wa miaka miwili, akamkanyaga dada mpimaji wa watoto.

"Jamani, kiatu changu kipya!"

"Samahani, dada. Nakipangusa kwa shati langu."

"Hilo shati lenyewe linahitaji msaada."

Wakacheka. Mapenzi yalianzia hapo hapo, asikudanganye mtu.

Chumbani, mpimaji akaeleza: mtoto apakatwe mbele ya skrini. Kushoto mwanamke anaimba, kulia magurudumu yanazunguka. Mashine hufuata macho yanakotua, imsaidie daktari kugundua usonji mapema: mwenye usonji mara nyingi huvutwa na magurudumu kuliko uso wa mtu.

"Wewe baba fumba macho, mashine isije ikasoma yako."

"Nimefumba, bosi."

Muongo mkubwa! Mwimbaji wa kwenye skrini alikuwa mpimaji mwenyewe, kwenye gauni la kijani.

Majibu yakatoka: macho yalimganda mwimbaji. Baba, mjane aliyechoka kumwita bintiye bila kugeukiwa, akashusha pumzi. Simu zikaanza. "Umekula, mpenzi?" "Sina njaa, nina hamu na wewe." Wiki tatu za raha.

Kisha mpimaji akapitia kumbukumbu za mashine. Yale macho yalikuwa yameachana mno, si ya uso wa mtoto. Akapiga simu.

"Ulifumbua macho?"

"Kidogo tu, mpenzi. Ile sauti yako..."

"Basi nilikupima wewe! Mlete tena kesho."

"Hapana. Majibu tunayo." Akakata.

Alikuwa anaogopa, masikini. Siku tisa hakupokea simu, na mpimaji akalia akidhani alipendewa majibu mazuri tu. Siku ya kumi baba alimkuta bintiye anazungusha gurudumu la kigari kilichopinduliwa. Akamwita mara tatu. Hakugeuka. Akamvalisha viatu, wakaenda.

"Nifunge kitambaa machoni," akamwambia mpimaji. "Mimi sijiamini."

Kipimo kikaisha.

"Niambie ukweli."

"Magurudumu tu, mwanzo hadi mwisho. Daktari atamwona leo. Tumewahi, mpenzi wangu."

Baba akalia, kitambaa kikalowa. Binti alikuwa ameshashuka, anazungusha vigurudumu vya kiti cha mpimaji. Mpimaji akakaa sakafuni na gauni lake zuri, akazungusha naye.

"Sisi ni wawili," baba akasema. "Utatuweza?"

"Nawataka wote wawili. Hata leo nitolee posa."

"Nifumbue macho?"

"Fumbua. Sasa ni ruksa kunitazama."