Dole Gumba Kwenye Skrini

Rafiki yangu mchoraji, tunayemwita Kobe, anaapa hakuota. Ilikuwa mchana kweupe, ila alifunga mapazia ili rangi zisimdanganye. Alikuwa akitengeneza kwenye kompyuta mchoro wa miduara inayozaa miduara. Kila alipopandisha kiwango cha ubora, feni ya mashine ilinguruma zaidi na mistari mipya ikajitokeza. Alipofika kiwango cha mwisho, ikawa alama ya dole gumba lenye kovu.

“Mama watoto, hebu njoo!”

Mkewe alichungulia, akashika mdomo. “Hilo kovu la mkasi… si dole la marehemu mama yako?”

Kobe akachomoa waya. Skrini ikazimika, feni ikanyamaza. Gizani, ukucha ukagonga kioo cha skrini kwa ndani, taratibu, kama mama yake alivyozoea kumwamsha.