Kijani Chini ya Nyeusi

Soko la vipuri lilikuwa limefurika siku hiyo. Wauzaji wanapayuka, nyundo zinalia, moshi wa kulehemu unaingia machoni, na Msasa ameinama juu ya turubai la mzee mmoja akibishania kabureta. Ndivyo walivyomwita, Msasa, maana alikuwa fundi wa bodi na rangi za magari, na viganja vyake vilikwaruza hata akikupa mkono wa salamu tu.

"Kaka, hiyo imekufa," ilisema sauti nyuma yake. "Ukiifunga, gari lako litakunywa petroli kama limetoka jangwani."

Akageuka. Alikuwa dada mmoja mwenye koti jeupe la famasi lisilofungwa vifungo, gauni la njano ndani yake, raba miguuni, nywele amezibana juu kwa kalamu. Alinukia sabuni ya dawa. Msasa akasahau alichokuwa anabishania.

"Wewe umejuaje?"

"Itikise. Unasikia hiyo kengele? Ndani kumevunjika kitu."

"We dada!" mwenye turubai akang'aka. "Nenda kauze dawa zako za kikohozi, niachie biashara yangu!"

Wakaondoka wakicheka, bila kabureta. Njiani Msasa akamweleza habari zake zote, kama mtu aliyepewa dawa ya kusema. Alikuwa na gari kuukuu la milango miwili, mgongo umeinama vizuri, ambalo mteja wake alimwachia alipohama mji. Kuku walikuwa wanatagia kiti cha nyuma. Basi yeye alitaka kuligeuza gari la mashindano, la kukimbia uwanja wa mbio, na kwa bei ya bure: atang'oa viti, zulia, redio na kila kilicho na uzito, atachomelea ndani mabomba ya chuma ya kumkinga dereva, na vilivyobaki ataokoteza mitumba. Shida ilikuwa injini. Injini ilishajifia zamani.

"Na bodi?" aliuliza yule dada. "Chasisi haijaoza?"

"Haina tundu la kupita hata sindano!" Msasa alijigamba.

Macho ya yule dada yaling'aa. Msasa, masikini wa Mungu, alidhani yameng'aa kwa ajili yake.

Tangu hapo simu ikawa haipoi, na kwa ajili ya lile koti jeupe akambandika jina la Dokta.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula, Dokta. Na wewe?"

"Nimeshiba sauti yako."

"Mwongo mkubwa! Nakusikia unatafuna."

Jioni alikuja gereji akitoka kazini, akakaa juu ya tairi, koti lake jeupe amelikunja magotini, wakapanga gari. Hapa tutoboe, pale tupunguze, kioo cha nyuma tuweke cha plastiki. Mwanamke yule alijua mambo. Na hakuja mikono mitupu. Mara ya kwanza alileta kabureta ndani ya boksi la dawa ya minyoo. Kisha jenereta ya kuchaji betri. Kisha shokapu, zimefungwa kwa karatasi za bandeji, nzima kabisa, na zote za gari lile lile.

"Umezitoa wapi, mpenzi?"

"Kwa mtu mmoja. Hazihitaji tena."

"Mtu gani?"

"Msasa, unataka shokapu au unataka umbea?"

Akambusu shavuni, mazungumzo yakaisha. Lakini maswali moyoni mwa Msasa hayakuisha.

Dada yake mkubwa, mshonaji aliyekaa naye nyumba moja, ndiye aliyemwaga petroli penye moto. "Mdogo wangu, mimi si mtu wa maneno," alisema, naye maneno ndiyo kazi yake ya pili baada ya cherehani. "Lakini muuza dawa na vipuri wapi na wapi? Huyo ana bwana. Bwana ana gari. Anamnyofoa mwenzake vipuri usiku, anakuletea wewe mchana. Siku bwana akigundua, atakuja hapa na panga, na mimi ndiye nitakayefungua mlango!"

"Acha hizo, dada."

"Haya. Nimenyamaza."

Msasa alimfokea, lakini sumu ilikwishaingia. Akaanza kumchunguza mpenzi wake. Akaona kwamba simu yake ikilia anatoka nje, anasimama nyuma ya ukuta. Siku moja alimfuata akijidai anatafuta maji, akamsikia anasema kwa sauti ya chini, "Usiliguse. Nimesema usiliguse, nitakuja mwenyewe." Aliporudi ndani alitabasamu kama kawaida, na tabasamu lile lilimchoma Msasa kuliko tusi.

"Nani huyo?"

"Kazini."

Uongo! Kitu gani hakiguswi huko famasi?

Asubuhi iliyofuata Msasa alizipanga shokapu na vyuma vyote juu ya meza, akachukua kipande cha msasa. Kila chuma kilikuwa kimepakwa rangi nyeusi juu juu. Akakwangua kidogo pembeni ya kabureta: kijani. Akakwangua shokapu: kijani. Jenereta, kijani kile kile kama jani la mgomba, na michirizi ya mtu aliyepaka kwa haraka. Wewe na mimi tungeona uchafu tu, lakini huyu aliishi kwa rangi, ungemfunga kitambaa machoni angekuambia gari limepigwa koti ngapi. Vyuma vyote vimetoka gari moja. Mtu ana gari kama lake, la kijani, na mtu huyo anapigiwa simu nyuma ya ukuta.

Akampigia simu.

"Fundi wangu! Leo umewahi kun—"

"Msalimie mwenye gari la kijani."

Upande wa pili chupa ikaanguka, ikapasuka.

"Nani kakwambia?" aliuliza.

"Rangi."

"Msasa, nisikilize, nilikuwa nataka kwanza—"

"Ulitaka kwanza nini? Nimalize gari ndipo unitambulishe kwa mumeo?"

Akakata. Akazima simu kabisa. Dada yake alimkuta amekaa ndani ya lile gari lisilo na viti, chini kwenye bati, akilia kama mtoto. Safari hii alimletea chai, si maneno.

Siku chache baadaye pikapu iliingia gereji kinyumenyume. Nyuma yake imefungwa injini kwa minyororo, ya kijani, imeoshwa mpaka inang'aa. Akashuka mzee mfupi mwenye ovaroli na miwani iliyofungwa kwa waya.

"Wewe ndiye Msasa? Nimeambiwa niishushe, niondoke, nisiseme neno."

Msasa alishika spana. "Wewe ndiye bwana wake?"

Mzee alimtazama juu mpaka chini. "Kijana, una homa? Mimi baba yake mdogo."

"Na gari la kijani la nani?"

"La nani tena? La kwake! Tangu ananyonya kidole anashinda chini ya magari yangu. Amelikimbiza uwanjani misimu na misimu, mpaka chasisi ikaoza, ikakatika. Injini nzima, mwili hakuna. Mchumba wake wa kwanza alimwambia achague gari au ndoa. Akachagua gari. Tangu hapo hamwambii mtu. Na mimi kila nikitaka kulikata niuze chuma chakavu ananipigia kelele nisiliguse." Akafungua mnyororo. "Sasa amelimaliza mwenyewe. Jana ameng'oa injini, analia, anang'oa. Shika huku basi, au unataka mzee avunjike kiuno?"

Msasa alishika. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Lakini shaka ni gugu, ukiling'oa huku linachipua kule. Walipoishusha tu injini, akaanza kukumbuka. Chasisi haijaoza? Yale macho yaliyong'aa sokoni!

Hakubadilisha hata nguo. Alikwenda famasi na ovaroli lake lenye madoa ya rangi, akapita foleni nzima, watu wakaguna.

"Panga foleni, kaka!" akafoka mama mmoja.

"Nina swali moja tu." Akaegemea kaunta. "Ulinipenda mimi, au ulipenda bodi yangu?"

Foleni yote ikaacha kukohoa.

Dokta alikuwa amevimba macho. Aliweka chini chupa aliyoishika. "Siku ile sokoni? Bodi," alisema. "Sitakudanganya. Nilikuwa na injini isiyo na mwili, nikasikia mtu ana mwili usio na injini. Nilitaka nikuombe tuunganishe. Halafu ukanichekesha, nikakupenda, nikaogopa utasema hivi hivi unavyosema. Ndiyo maana nimekupa injini bila masharti. Sina tena ninachotaka kwako." Akafuta macho kwa mkono wa koti. "Sasa ni zamu yangu kukushuku. Umekuja kwa ajili yangu, au kuniuliza waya za injini zinaungwa wapi?"

Msasa akajikuta anazifikiria zile waya. Kweli, waya hakujua zinaungwa wapi.

"Anayefuata," alisema Dokta.

Jumapili, jua limesimama utosini, lori la kukokota magari lilisimama mbele ya geti la gereji ya baba yake mdogo Dokta. Juu yake gari la milango miwili, limepigwa msasa likabaki chuma kitupu, na injini ya kijani imekalishwa mahali pake bila kufungwa. Dokta alitoka na ovaroli, kitambaa chekundu kichwani, shavu lina grisi.

"Umeleta nini?"

"Gari lako. Mwili na injini. Lote lako, sidai kitu." Msasa akaanza kulegeza kamba. "Ukinitaka sasa, nitajua ni mimi. Usiponitaka, basi nitakuwa nimejua."

Wakalishusha, wakalisukuma ndani bila kuangaliana. Msasa akafuta mikono, akamuaga mzee, akatoka getini. Akatembea. Alijikaza asigeuke nyuma, na kila hatua moyo ulimwambia: umeona, ilikuwa bodi tu. Alifika karibu na kona. Huku nyuma kimya, wala geti halikulia.

"Msasa!"

Akasimama, hakugeuka. "Nini?"

"Nani atalipiga rangi?"

"Mafundi wamejaa mjini!"

"Simtaki fundi, nakutaka wewe, mjinga mkubwa!" Alikuwa anakimbia barabarani, kitambaa kimeanguka, majirani wanachungulia. Akamshika ovaroli kifuani kwa mikono miwili. "Leo injini, kesho bodi, keshokutwa tutaleteana nini, figo? Nimechoka kuleta ushahidi. Nioe."

Msasa alimchunguza macho, kwa mazoea ya siku zile mbaya, akitafuta rangi nyingine chini ya ile anayoiona. Hakuna.

"Nakuoa," alisema. "Lakini siku ya mbio dereva ni nani?"

"Mimi."

"Na mimi je?"

"Utasimama pale mwisho wa mbio, uwe na wasiwasi," alisema Dokta, akimvuta kurudi getini. "Wasiwasi unaujua vizuri kuliko mtu yeyote."