Kibati Namba 114

Bomba la joto jikoni kwa Seyilkan liligonga mara tatu, ilhali boila ya mji ilizimwa miaka miwili iliyopita.

Ilikuwa Alhamisi mchana. Kama desturi ya kuwakumbuka wafu, alikuwa akikaanga maandazi kwa mafuta ya kondoo, ili harufu imfikie marehemu mumewe, Toktosun, ambaye mwili wake ulibaki mgodini. Siku ya ajali umeme ulikatika, maji yakapanda mgodini. Seyilkan, mwendesha winchi ya kuwavuta wachimbaji juu, alisikia kengele tatu, yaani "nipandishe," mkono wake ukiwa juu ya mashine iliyokufa.

Kisha Muungano wa Kisovyeti nao ukafa. Watu walioletwa kwenye mji huu wa mgodi, Kalay-Suu, kwa mabango na nyimbo waliondoka wamebeba milango ya nyumba zao.

Mwanawe, Kubat, alikuwa amekuja na lori.

"Twende, Mama. Umebaki meya wa panya."

"Panya hawajanikimbia."

"Baba amekufa!"

"Nitaondoka siku atakayopanda."

Bomba likagonga tena. Tatu.

"Usijibu," Kubat akanong'ona. "Mulla alikukataza kuwajibu wafu."

Lakini mkono wenye miaka ishirini ya kazi haukusubiri ruhusa. Ulichukua mwiko, ukagonga tatu. Na mgodini, ukirudia ishara, umekubali kuvuta.

Mafuta yakaganda kikaangoni juu ya moto, harufu ya matope na kutu ikajaa jikoni, na kutoka chini ya ngazi buti zilizojaa maji zikaanza kupanda, ghorofa baada ya ghorofa, bila haraka, zikipita milango ya majirani waliokwisha kuhama, mpaka zikasimama nje ya mlango wao, na sauti ikasema, "Seyil, fungua. Nasikia baridi."

Ni mumewe tu aliyemwita Seyil.

"Ni Baba," Kubat akasema, akiuendea mlango.

Seyilkan alishika komeo. Akauliza taratibu, "Toktosun, kibati chako kiko wapi?"

Sauti ikarudia tu, "Nasikia baridi." Hakuna mchimbaji aliyetoka mgodini akaenda nyumbani bila kwanza kuchukua kibati chake chenye namba kwenye ubao wa chumba cha taa.

Akasoma Ayatul Kursi hadi mwisho. Buti zikashuka.

Jioni ile Seyilkan alikubali kuhama. Walipofika kwenye chumba cha taa cha mgodi, alimwomba Kubat asimamishe lori. Kibati namba 114 kilikuwa bado kwenye msumari wake, kikavu, kimejaa vumbi; mwenyewe hakuwa amepanda. Hakukigusa.

Lori lilipoondoka, chuma cha nyuma ya lori kiligonga mara tatu, polepole, kama mtu aliyechoka. Safari hii Seyilkan hakujua ni nani. Aliukalia mkono wake wa kulia usije ukajibu, akalia mpaka mji ukapotea.