Mtoto wa Kati Atolewe

Nilikuwa nimeinama kwenye beseni nasuuza mashuka, mdogo wangu akaingia uani na bahasha kifuani kama mtu aliyebeba yai.

"Dada, riwaya yangu wameikubali," alisema. "Ila niisahihishe kwanza."

Mdogo wangu anakaa nasi, chumba cha nyuma. Riwaya hiyo aliiandika kwa mkono, jioni baada ya kazi, mpaka vidole vikaota sugu. Wachapishaji wengine walishamrudishia. Mchapishaji huyu ndiye aliyekuwa amebaki.

"Usahihishe nini tena?"

"Mhariri anasema ile familia ina watoto wengi. Wa kati kazi yake kuongea tu, hasogezi hadithi. Nimtoe."

Nilikamua shuka nikacheka. "Hata wangu ni watatu. Mwambie aje anipunguzie."

Hakucheka, na nilijua kwa nini. Watoto wa kwenye riwaya aliwachukua kwangu, pua na masikio. Kijana wangu mkubwa yumo, kitindamimba yumo, na wa kati yumo, yule binti tunayemwita Chiriku kwa sababu domo lake halina siku ya mapumziko. Mwenyewe alikuwa akijigamba shuleni kwamba yumo kitabuni.

"Basi mtoe," nilimwambia. "Si karatasi tu?"

Alifanya kazi kwa mkasi na gundi. Anakata, anabandika, vilivyotolewa anatupia kwenye kikapu mlangoni. Mimi karatasi kavu siiachi ikae bure. Asubuhi moja mkaa ulikuwa na unyevu, jiko linanisumbua, nikakibeba kikapu chote. Moto ulishika mara moja. Moshi wake ulinuka kama nywele zinazoungua.

Nikateleka maji ya chai, nikaendelea na kazi.

Mchana jirani alikuja kuazima ungo. "Wanao wawili hawajambo?" aliuliza.

"Watatu."

Alinitazama kama mtu anayengoja mzaha uishe. Nikampa ungo. Jirani yule hutafuta funguo huku amezishika mkononi, sikumtilia maanani.

Kesho yake Chiriku alirudi kutoka shule mapema.

"Mwalimu ameita majina yote, langu hakuliita," alisema. "Nikanyoosha mkono. Akawa anatazama dirisha lililo nyuma yangu."

"Utakuwa ulikuwa unapiga soga. Vua viatu, nimepiga deki."

Akavua, akapita. Kitindamimba akapita nyuma yake. Sakafu ilikuwa bado imelowa. Nyayo za kitindamimba zilionekana mpaka mlango wa chumbani.

Za Chiriku hazikuwapo.

Jioni baba yao alimega mkate akawagawia. Mkubwa akapata, mdogo akapata. Mkono wake ukapita juu ya kichwa cha Chiriku kama unavyopita juu ya kiti kitupu.

"Na Chiriku?" nilimuuliza.

"Chiriku gani?" alisema, akaendelea kutafuna.

Chiriku mwenyewe hakusema neno. Hilo lilinitisha kuliko nyayo.

Siku iliyofuata nilikuwa nakunja nguo. Nikashika gauni dogo la maua, shingo yake imeshonwa kwa uzi wangu. Nikasimama nalo. Nikajiuliza ni la nani. Nikawaza kumpelekea jirani, yeye anawajua wenye watoto wa kike.

Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Mama, nimekosa nini?"

Sikugeuka. Niliogopa nikigeuka nisimjue.

Nilinyoosha mkono nyuma, nikapapasa, nikapata kiganja. Kilikuwa chepesi kama soksi. Nikamvuta hivyo hivyo mpaka chumba cha nyuma.

"Mrudishe," nilimwambia mdogo wangu.

Aliinua uso. Akatazama pembeni yangu, akafinya macho kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. Akaweka mkasi chini taratibu.

"Nilidhani ni macho yangu," alinong'ona. "Nipe kikapu."

"Nilishawashia moto."

"Vyote?"

"Vyote."

Alijishika kichwa. Kisha akavuta karatasi mpya. "Nieleze. Alikuwaje?"

Nikafungua kinywa, mimi niliyemzaa. Nikasema anaongea sana.

"Kingine?"

Nikasema anaongea sana.

"Anachekaje, dada? Anaogopa nini? Anaandika kwa mkono upi?"

Niligeuka nimtazame. Palikuwa na sare ya shule imesimama wima. Juu ya kola, kitu kama mvuke wa sufuria.

"Andika lolote," nilisema. "Upesi."

"Nikimrudisha hivi hivi, mhariri atamtoa tena."

"Achana na mhariri. Achana na kitabu."

"Nikiache?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wengine nao wamo humu. Nikikiacha, wao itakuwaje?"

Alikuwa ameshainamia karatasi.

"Lazima apewe kazi," alinong'ona. "Lazima limpate jambo, hadithi isiweze kwenda bila yeye."

"Jambo gani?"

Kalamu ikakwaruza. Nikakaa sakafuni, nimeshika kile kiganja. Kikawa baridi. Kalamu ikakwaruza. Kikaanza kuwa kizito. Kikalowa, maji yakanichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Nikafumba macho.

Kikanishika.

"Mama, unaniumiza," alisema Chiriku, sauti ya kusikika mtaa wa pili. "Na mbona umekaa chini? Na mbona mama mdogo analia? Na leo tunakula nini?"

Jioni ile nilipakua mapema. Nikawahesabu kabla sijashika upawa, kisha nikawahesabu tena. Baba yao. Mkubwa. Chiriku. Kitindamimba. Mdogo wangu, vidole vimejaa wino. Wote wapo.

Baba yao akamsogezea Chiriku bakuli kubwa. "Kula mwanangu. Tangu siku ile ya kisima mimi sikunyimi kitu."

"Kisima gani?" niliuliza.

Wakacheka.

"Mama naye," alisema mkubwa. "Si wewe uliyeshuka na kamba ukamtoa?"

Nyumba hii haijawahi kuwa na kisima. Nikamtazama mdogo wangu. Yeye peke yake hakuwa anacheka. Alikuwa anatazama mikono yangu, nami nikaitazama. Kovu la kamba lilikatiza viganja vyote viwili, limepona siku nyingi, limekuwa jeupe.

Nikaushika upawa kwa ncha za vidole, nikampakulia mdogo wangu, aliyekuwa amebaki.