Shikeni Mbwa

Gurudumu la mbele lilizama kwanza, na Gonchig akadhani ni shimo tu. Akakanyaga mafuta. Barafu ya mto ililia chini yao mlio mrefu, kama kitambaa kinachochanwa, kisha pua ya gari ikainama na maji meusi yakaanza kuingia miguuni.

"Toka," alimwambia mkewe. "Toka na mtoto. Acha vyote."

Solongo alipita mlango wa nyuma, Anu akiwa kifuani mwake ndani ya joho la ngozi ya kondoo. Mtoto alikuwa hajaanza hata kukaa. Safari yote ilikuwa kwa ajili yake: Mwezi Mweupe ulikuwa umeandama, mwaka mpya umeingia, na babu yake huko nyikani hakuwahi kumwona. Gonchig alitokea dirishani, akaangukia majini hadi mapajani. Alipojikokota hadi ukingoni, gari lilikuwa limesimama kichwa chini, na simu, chakula na zawadi vilikuwa humo humo ndani.

"Nilikwambia tupite darajani," Solongo alisema.

"Daraja liko mbali. Baba huuvuka mto huu na lori."

"Huuvuka kipupwe. Sasa jua limeanza kuwaka, hata mbuzi wanajua barafu imeoza. Wewe dereva wa mjini ndiye hujui."

Gonchig alikuwa akitazama kaskazini, ambako mbingu ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia kuanzia ardhini hadi juu. Dhoruba za majira yale huja na mchanga na theluji pamoja, na huja mbio.

"Hema la baba liko chini ya kile kilima," alisema. "Upepo ukitupiga mgongoni, bega la kulia, tunafika. Twende."

Walikuwa hawajafika mbali kilima kilipotoweka. Kisha ardhi ikatoweka. Solongo alifungua mshipi wake mrefu wa hariri, akafunga ncha moja kiunoni mwake na nyingine kwenye mkono wa mumewe, kwa sababu alikuwa hamwoni tena ingawa alimsikia akihema. Suruali ya Gonchig iliganda ikawa ngumu kama bati. Ilikuwa ikigongana kila alipopiga hatua.

"Unalia kama kabati la vyombo," Solongo alisema.

"Afadhali nalia. Mtoto je?"

"Amenyamaza."

"Amelala?"

"Sijui. Amenyamaza."

Walisimama. Solongo aliingiza mkono ndani ya joho akamfinya Anu pajani. Anu alitoa sauti ndogo, kama paka aliye chumba kingine, akanyamaza tena. Solongo aligeuka akaupa upepo mgongo wake wote, akamkunjia mtoto mwili, wakaendelea.

Walitembea. Mchanga uliwaingia machoni, meno yakasaga changarawe. Miguu ya Gonchig iliuma sana, kisha ikaacha kuuma, na hilo ndilo lililomtisha. Alijua maana yake. Alianza kuhisi upepo unampiga begani, halafu shavuni, halafu kila mahali. Ama upepo ulikuwa unageuka, ama yeye.

"Bado mbali?" Solongo aliuliza.

"Tuko karibu."

"Gonchig. Niambie kweli."

"Sijui tuko wapi," alisema. "Sijui tangu zamani. Tukae kidogo, nipumzishe miguu."

"Ukikaa hutainuka. Nikate mshipi nikuache?"

Hakuwa akitania. Solongo alisimama, akavuta pumzi, na kwa sauti ambayo mumewe hakuwahi kuisikia akapiga kelele: "Shikeni mbwa!"

Ndivyo kila mgeni anavyopiga hodi nyikani, akishaliona hema, ili wenyewe wamzuie mbwa. Lakini hapa hapakuwa na hema, wala mtu, wala kitu.

Gonchig aliwahi kuona watu walioganda, na alijua kwamba kabla ya mwili kufa akili hutangulia. "Solongo," alisema polepole, "unamwambia nani?"

"Namwambia mbwa. Upepo utampelekea sauti. Piga kelele na wewe."

Basi wakapiga kelele wote wawili. Shikeni mbwa! Shikeni mbwa! Waliita mpaka koo zikachanika, wakikokotana, na ndani ya joho Anu hakusikika tena hata alipofinywa.

Mbwa alikuja bila kubweka. Walimwona alipokwisha fika, kitu cheusi kikubwa kama ndama, na Gonchig akajirusha mbele ya mkewe. Meno yalipita kwenye mkono wa joho lake yakaingia nyamani. Alikuwa Dubu, mbwa wa baba yake, ambaye mwaka jana alirarua buti la Solongo. Gonchig alimkumbatia shingo akamng'ang'ania, huku mbwa akimtafuna. Angemwachia, mbwa angeenda zake, na njia ya hemani ingepotea naye.

Bunduki ililia, karibu kabisa.

"Usipige, baba! Ni sisi!"

"Sisi nani?" Sauti ya mzee Lodoi ilitoka juu ya farasi. "Nilidhani mbwa mwitu wamewaingilia kondoo. Dubu, mwache huyo."

Hema lilikuwa pale pale, upande ambao wasingeelekea. Ndani, jiko la samadi lilikuwa jekundu. Mzee alivua joho, akamchukua Anu kutoka kwa mama yake, akamlaza kifuani pake ngozi kwa ngozi, akajifunika naye na kuanza kumpulizia utosini. Midomo ya mtoto ilikuwa ya buluu. Solongo alikaa sakafuni, macho hayabanduki. Maji yalichemka, hakuna aliyeyaepua.

Kisha Anu akalia. Kilikuwa kilio kibaya cha hasira, kilichojaza hema zima. Solongo aliinamisha uso magotini.

Mzee Lodoi alimtazama mwanawe, ambaye alikuwa akizikata buti zake kwa kisu maana hazikuvulika. Mwezi Mweupe ni Mwezi Mweupe, na salamu ni salamu.

"Mmeuingia mwaka salama?" aliuliza.

Kwa hilo kuna jibu moja tu. Mtu hata akipoteza mifugo yote, hujibu: salama. Gonchig mwenyewe alilijibu hivyo tangu alipojua kusema.

"Hapana, baba," alisema. "Niliwapotezea njia. Niliogopa sana."

Mzee aliitikia kwa kichwa taratibu, akaendelea kumpulizia mtoto utosini.