Sare ya Jalada-Kinyonga

Kwenye kibanda cha magazeti cha Ngamiani, huku magari-hewa yakipita juu bila kishindo, jarida la muziki la Mirindimo lilikuwa likifanya kazi ambayo karatasi haijawahi kuifanya. Fundi wa mitambo aliposimama mbele yake, mwimbaji Nargisi Kombo alimtazama kutoka kwenye jalada akiwa amevaa gauni jekundu, kidevu juu, kama anayemchokoza. Fundi akanunua. Baada yake akaja mwalimu mstaafu, na Nargisi yuleyule akawa na gauni la kijani, macho ameyainamisha kwa haya. Mwalimu naye akanunua, tena bila kuuliza bei.

Ng'ambo ya barabara, Salha, msanifu wa jalada hilo, nusura apige makofi na kikombe chake cha kahawa ya tangawizi mkononi.

Zamani msanifu wa jalada alimwaza msomaji mmoja: umri wake, mtaa wake, nyimbo anazoziimba akikaanga samaki. Kisha alichagua rangi ya kumsimamisha, macho ya kumshika na maneno makubwa ya kumfungulisha mkoba. Tabu ni kwamba ukimpata huyo, unamkosa jirani yake. Ndipo Salha akabuni jalada-kinyonga. Lilichapwa kwa wino-hai, wenye chembe ndogo kuliko unga ambazo hugeuza rangi zenyewe, na pembezoni mwake kulikuwa na kisoma-macho, uzi mwembamba unaopima mboni inavyotanuka mtu akiona anachokipenda. Kufumba na kufumbua, kila msomaji alipata jalada lake.

"Lakini wasijue," Bwana Shemhilu, mkurugenzi wa jarida, alimwonya. "Mtu akishajua anabembelezwa, habembelezeki tena."

Salha akanyamaza hata kwa mama yake. Hilo ndilo kosa lililokuja kumvaa Jumamosi, kwenye harusi ya mdogo wake Raya.

Mama yao, Bi Mwanatumu, alikuwa ameingoja siku hiyo tangu Raya akinyonya. Kwa wanawake wa Tanga harusi ni sare: upande wa bibi harusi uingie ukumbini umevaa nguo moja, rangi moja, mpaka upande wa bwana harusi ujione umekuja na matandiko. Sare ikiharibika, aibu ni ya mama, na itasimuliwa mpaka kwenye harusi za wajukuu. Salha alishonewa gauni la buluu ya anga, akaambiwa avae asiulize, kuna jambo la kumfurahisha.

Mchana ule alilivaa, akafika ukumbini, akasimama mlangoni kama aliyepigwa na umeme. Shangazi zake walikuwa wamevaa zambarau, njano, waridi, kijani cha mchicha. Bi Mishi, jirani yao, alikuwa amevaa jekundu lenye manyoya mabegani. Katikati yao alisimama Bi Mwanatumu na buluu yake, akihema.

"Nilisemaje mimi?" alifoka. "Si nilisema kila mtu ashone kama gauni la Nargisi kwenye jalada la Mirindimo la mwezi huu?"

"Ndilo hili!" Bi Mishi alijibu. "Nimeliweka jarida mbele ya cherehani-akili, nikaiambia shona. Imeshona. Manyoya na yote."

"Manyoya yako wapi pale, shoga? Nargisi kavaa njano, tena kajisitiri!" alidakia shangazi wa njano.

"Wewe macho yako yana mtoto wa jicho, haki ya Mungu."

Enzi za kwenda dukani pamoja na kukata vitambaa kutoka jora moja, ugomvi huu usingezaliwa. Siku hizi kila mtu hushonewa na mashine chumbani kwake.

Bi Mwanatumu alimgeukia bintiye, na hasira yote ikamtoka. "Mwanangu, nilitaka watu wote wavae kazi ya mikono yako. Nilitaka waulize sare hii imetoka wapi, niseme, kwa Salha." Machozi yakamlengalenga. "Na wakwe wameshashuka kwenye magari. Wote machungwa, kama shamba la Muheza."

Salha alitamani sakafu immeze. Akawaeleza kila kitu: wino-hai, kisoma-macho, siri ya ofisini.

"Kwa hiyo," Bi Mishi alisema polepole, "mimi ndani ya moyo wangu napenda manyoya?"

Kicheko kilichofuata kilitikisa vioo. Wakaanza kutazamana upya, yule wa waridi akitaniwa kwa waridi lake, na shangazi mkali kuliko wote akiulizwa ile zambarau inayometameta alikuwa ameificha wapi miaka yote. Mtu akalichomoa jarida mkobani. "Hebu tulione tena, sote!"

Vichwa vikasongamana juu ya jalada. Wino-hai ukajaribu kuwaridhisha wote kwa mpigo: ukawa mwekundu, ukawa njano, ukatetemeka, kisha ukakata tamaa na kutulia kwenye picha-msingi, ile ya kwanza kabisa ambayo nyingine zote huzaliwa kutoka kwayo. Salha alikuwa ameipiga kwenye mazoezi, akaona haifai kumvutia mtu. Ilimwonyesha Nargisi akitokwa na jasho, kinywa wazi kwa kicheko, pengo la jino likionekana, na kanga ya kisutu amejifunga kiunoni.

"Huyoo!" wanawake wakapiga kelele. "Huyo ndiye Nargisi wetu!"

Bi Mwanatumu aliitazama ile kanga, kisha akatazama pembeni, kwenye korija za visutu, ishirini ishirini, alizonunua kuwagawia wageni wakati wa kuagana. "Mkasi!" aliamuru. "Kila doti ikatwe vipande viwili. Fungeni viunoni, upesi!"

Mlango ulipofunguliwa, walitoka kuwalaki wakwe, rangi zote za duniani juu, na kisutu kimoja viunoni, wakikata viuno kwa pamoja huku vigelegele vikipasua anga. Wakwe wa machungwa walibaki midomo wazi. Salha alicheza mpaka viatu vikamshinda, akavivua.

Jumatatu alimwambia Bwana Shemhilu kwamba jalada lijalo litakuwa la wino wa kawaida, picha moja kwa watu wote.

"Na msomaji tunayemlenga ni nani?" mkurugenzi aliuliza. "Jalada-kinyonga limeuza kuliko matoleo yote!"

"Limeuza, bwana. Ila tumewauzia watu jarida wasiloweza kulizungumzia na jirani. Msomaji wetu hasomi peke yake."

Shemhilu alinung'unika sana, lakini habari za harusi ile zilikuwa zimeenea mjini, na siri haikuwa siri tena. Akakubali kwa toleo moja, kujaribu.

Siku lilipotoka, mama alipiga simu kutoka kibandani.

"Salha, hili gauni la jaladani ni la zambarau?"

"Wewe unalionaje, mama?"

"Zambarau." Kisha Salha akamsikia akiita kwa sauti. "Mishi! Hebu njoo. Wewe unaona rangi gani hapa?"

"Zambarau, kwani vipi? Na ni baya, halina manyoya."

Vigelegele vya mama vilimfanya Salha aisogeze simu mbali na sikio.